Mkono wa Kushoto

Jumanne ya wiki ya pili ya muhula wa kwanza, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, wanafunzi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la mji mdogo wa Kwanza walikuwa wamesimama paredi, wakipuliza viganja kwa baridi. Mwalimu mkuu, Lorna Chelangat, alikuwa akisoma majina ya waliochelewa. Alipoinua macho kutoka kwenye daftari aliona kwamba kila mtoto mwenye sweta mpya ameinua mkono wa kulia.

"Teremsheni mikono," alisema. "Sijauliza swali."

Watoto walijitahidi. Mikono ilishuka kidogo, ikapanda tena. Msichana wa mstari wa mbele akaeleza kwa adabu kwamba si wao, ni sweta. Lorna alimwendea, akamshika mkono, akaona ni kweli. Sweta ilikuwa ikivuta kwa ule utulivu wa ng'ombe anayejua njia ya zizini. Mkono wa kulia ulielekea mashariki, juu ya paa la kinu cha unga. Wa kushoto nao ulikuwa umenyanyuka, ila chini zaidi, kama wa mtu mwenye haya, na ulielekea kusini. Mwalimu mkuu aliliandika jambo hilo katika kitabu cha matukio, chini ya taarifa ya choo kilichoziba, kisha akaendelea na majina.

Mashariki, ng'ambo ya kinu, palikuwa na nyumba moja tu, nayo ni ya Jeruto.

Jeruto alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mumewe, Kiptum, aliendesha matrekta ya watu, naye mwenyewe alifuma sweta kwa mashine iliyokaa chumba cha mbele, pale ambapo wengine huweka televisheni. Miaka saba nyuma, alipochoka kuona watoto wakienda shule vifundo vya mikono vikiwa nje, alifuma sweta yenye mikunjo mitatu iliyofichwa ndani ya kila mkono na ndani ya pindo la chini. Kila Januari mzazi alivuta uzi mmoja mwembamba, mkunjo mmoja ukafunguka, na sweta ikarefuka kwa vidole vitatu. Mtoto aliingia nayo gredi ya kwanza akatoka nayo gredi ya nne. Watu waliiita sweta ya kukua, na walikuja kuitafuta kutoka Endebess na Kitale.

Kwa miaka sita kati ya hiyo saba alifanya kazi na Viola Nabwile, msichana wa Bungoma aliyekuja Kwanza kumtembelea shangazi yake, akaingia kwa Jeruto kuomba maji, akaona mashine, asirudi tena kwa shangazi. Alimwita Jeruto mama. Walikula sahani moja. Kisha mwezi wa Agosti Viola alisema anarudi kwao, akaondoka na begi lake, na Jeruto akasikia baadaye kwamba ameajiriwa katika kiwanda cha sare cha Ian Wekoye, mjini Bungoma. Muhula mpya ulipoanza, kiwanda hicho ndicho kilicholeta shuleni sweta zenye mikunjo mitatu na uzi wa kuvuta.

Jumanne hiyohiyo, saa tano, bodaboda alileta barua. Kiptum aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba sweta yenye mikunjo na uzi wa kuvuta imesajiliwa kwa jina la Bwana Ian Wekoye, mbunifu. Kwamba yeyote anayeifuma bila ruhusa anavunja sheria. Na kwamba Jeruto anapewa siku kumi na nne aache.

"Ati mbunifu," Kiptum alisema. "Huyu hata kifungo hajui kushona."

Jeruto aliichukua barua, akaiweka ndani ya Biblia, mahali ambapo hakuna kitu cha nyumba ile kilichowahi kupotea. Kisha akavaa viatu vya kwenda mjini.

Mji wa Kwanza haukuchukua muda kuzoea. Watu walisema kwenye foleni ya maziwa kwamba kitu humjua aliyekizaa. Mkono wa kulia unamwonyesha Jeruto, na wa kushoto unaonyesha Bungoma, kiwandani ilikofumwa. Hakuna aliyeona haja ya kuongeza neno. Lorna aligeuza madawati ili wanaoandika kwa mkono wa kulia wasisumbuke. Wageni waliomtafuta Jeruto waliambiwa wamfuate mtoto yeyote.

Wakili Gachanja alikuwa na ofisi Kitale, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la pembejeo. Alimsikiliza Jeruto mpaka mwisho, na hilo peke yake lilimfanya Jeruto amwamini.

"Mama, hii sweta umeuza miaka mingapi?"

"Saba."

"Hapo ndipo shida iko. Sheria inalinda kitu kipya. Ukishaanika kitu sokoni watu wakakiona, hakiwi kipya tena. Ulifaa kusajili kabla ya kuuza ya kwanza."

"Na Wekoye je? Si yeye pia alisajili kitu watu walikuwa wameona?"

"Ndiyo. Lakini hakuna mtu alienda kumwambia msajili hivyo. Tukienda kwa baraza la hakimiliki tukathibitisha uliifuma miaka saba kabla yake, cheti chake kinafutwa."

"Kikifutwa, kinakuwa changu."

"Hapana. Kinakuwa si cha mtu. Kila mtu atafuma."

Jeruto alitazama nje ya dirisha. Barabarani watoto wa shule moja ya mjini walikuwa wakivuka, na mikono yao ya kulia ilikuwa imeelekezwa kwenye dirisha lile, juu ya vichwa vya watu.

"Heri kila mtu kuliko yeye," alisema. "Andika."

Gachanja aliandika hati ya kiapo. Ndani yake Jeruto aliapa kwamba sweta ya kukua, mikunjo yake na uzi wake, aliibuni yeye peke yake. Aliisoma, akatia sahihi bila kusita, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyokuwa akisema siku zote.

Baraza lilipanga kuketi Bungoma mwezi wa Mei. Wiki mbili kabla ya kesi Gachanja alipiga simu kusema kwamba Wekoye amemworodhesha Viola kuwa shahidi wake. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya kwanza, Jeruto alikwenda Bungoma.

Hakujua Viola anaishi wapi, naye simu yake hakupokea. Alisimama karibu na reli, mbele ya geti la kiwanda lililofungwa, akitafakari. Watu walikuwa wakitoka makanisani, na kwa kuwa kwa watoto wengi sweta ya shule ndiyo sweta ya kanisani, mikono mingi ya kulia ilimgeukia kutoka kila upande wa barabara. Wazazi walimpa salamu. Mzee mmoja alimwambia, "Kumbe ni wewe," akaendelea na safari yake.

Ndipo Jeruto alipoangalia mikono ya kushoto.

Haikuonyesha kiwanda. Geti lilikuwa hatua kumi nyuma yake, na hakuna mkono hata mmoja ulioelekea huko. Yote ilielekea upande wa mtaa wa Kanduyi.

Aliifuata. Alimpita mtoto mmoja akafika kwa mwingine, kama mtu anayeuliza njia bila kufungua mdomo. Penye njia panda alingoja mpaka mtoto atokee. Mkono wa kushoto wa msichana aliyebeba mtungi ulimwingiza kwenye kichochoro; wa mvulana aliyekuwa akila muwa ulimgeuza kulia penye kinyozi. Mwisho alifika kwenye ploti ya vyumba sita vya mabati. Sweta moja ndogo ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Mkono wake wa kulia ulimnyooshea Jeruto pale getini. Wa kushoto ulinyooshea mlango wa chumba cha tatu.

Viola alitoka na beseni la maji. Alipomwona Jeruto aliliweka chini.

"Mama. Umekuja kunichapa?"

"Nimekuja kuuliza mkono wa kushoto."

Viola aliitazama ile sweta kwenye kamba. Alikuwa amekonda, na kidole chake cha shahada kilikuwa na bandeji, kama cha mtu anayefanya kazi na mashine asiyoizoea.

"Unakumbuka siku ya mvua ya mawe?" aliuliza. "Mwaka wangu wa kwanza kwako. Mikunjo ulikuwa unaishona kwa sindano, na wazazi wakitaka kuifungua wanakuja na wembe, wanakata sweta. Mimi nikaacha uzi mmoja unaning'inia, nikauvuta, mkunjo ukafunguka wote. Ukaniambia naharibu kazi."

Jeruto alikumbuka. Alikumbuka mawe yakigonga bati mpaka wakalazimika kupiga kelele ili wasikilizane. Alikumbuka pia kwamba jioni ileile, Viola akiwa jikoni, aliuvuta uzi ule tena peke yake, mara nne, na kwamba kuanzia kesho yake sweta zote zilikuwa na uzi. Wateja walipouliza imekuwaje akawa na akili hivyo, alijibu, "Nilifikiria tu." Alilisema sokoni Kitale. Alilisema hata kanisani, siku ya ushuhuda.

"Nilikuwa nasema nilifikiria," alisema Jeruto.

"Si nilikuwa hapo, mama. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nangoja siku moja useme tulifikiria." Viola aliinama akaokota beseni, akaliweka tena chini. "Sikuja kwa Wekoye kuuza kitu. Nilikuja kuomba kazi. Akaniuliza najua nini, nikamwonyesha. Akanipa karatasi, ati ni ya kazi, nikatia sahihi. Kumbe nimesema ni yeye alinifundisha."

Viola alisogea, akasimama karibu na Jeruto, na kwenye kamba ile sweta ikanyoosha mikono yote miwili upande mmoja, kama mtu anayepokea mtoto.

"Hiyo ni ya mtoto wa jirani," Viola alisema. "Imekauka."

Akaianua.

Jumatatu Jeruto alikuwa wa kwanza katika ofisi ya Gachanja. Alimweleza yote. Wakili alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Mama, kwa kiapo umesema peke yako. Ukisimama huko useme ni wawili, kiapo kinaanguka. Kikianguka, ushahidi wako wote unaanguka nacho, hata ule wa kweli. Baraza halitauliza kwa nini. Nyamaza tu juu ya uzi. Tushinde kwanza, halafu wewe na Viola mtapatana nyumbani."

"Tukishinda hivyo, mimi na Wekoye tofauti yetu ni nini?"

"Kubwa. Yeye alichukua yote."

"Na mimi nilichukua nusu," alisema Jeruto. "Kesi ikianguka, ianguke nikiwa nimesimama."

Baraza liliketi katika ukumbi wa kukodi. Juu ya meza ndefu ziliwekwa sweta kumi na mbili za kiwanda, zikiwa na nambari za vielelezo. Mikono ya kulia ilimwelekea Jeruto, na ya kushoto Viola, aliyekuwa ameketi benchi la mashahidi wa Wekoye. Viola alipoombwa asubiri nje, mikono ya kushoto iligeukia mlango. Gachanja aliomba Wekoye naye atembee kuizunguka meza. Wekoye, mtu mrefu aliyevaa suti ya rangi ya majivu, alizunguka mara mbili bila kinyongo. Hakuna mkono uliojisumbua.

"Baraza limeona," alisema mwenyekiti. "Lakini kuona si ushahidi. Ushahidi hutolewa chini ya kiapo, na sweta haiwezi kuapishwa."

Kina mama watatu wa Kwanza walisema walinunua sweta ya kukua kwa Jeruto. Wakili wa Wekoye aliwauliza ni mwaka gani. Mmoja alihesabu kwa kuzaliwa kwa mtoto wake, wa pili kwa mwaka wa viwavi, wa tatu kwa kifo cha mama mkwe, na hesabu zao hazikukutana.

Kisha Jeruto alisimama. Wakili wa Wekoye alimwuliza kama ni kweli aliibuni sweta hiyo yeye peke yake, kama alivyoapa.

"Hapana," alisema Jeruto. "Mikunjo nilifikiria. Uzi alifikiria Viola Nabwile. Sweta tulifikiria."

Nje, kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo, Viola alisikia. Aliweka mikono usoni.

Zamu yake ilipofika alisema vilevile, neno kwa neno. Wakili alimwonyesha karatasi yenye sahihi yake iliyosema vingine. Baraza liliahirisha kikao kwa muda wa chai, likarudi na uamuzi. Lilisema kwamba mbele yake wamesimama wanawake wawili, kila mmoja na mdomo unaosema hivi na karatasi inayosema vile. Na kwamba sheria, penye mgogoro wa namna hiyo, huanza na karatasi. Ombi lilitupwa. Jeruto alizuiwa kufuma, kuuza au kuingiza nchini sweta yenye mikunjo na uzi. Viola alifutwa kazi kabla ya saa kumi.

Mwezi wa Agosti Wekoye alipata cheti cha pili, cha sweta yenye mikono inayoelekea mahali. Maombi yalieleza kwamba tabia hiyo ilionekana kwanza katika bidhaa za kiwanda chake, jambo ambalo hata Gachanja hakuweza kulipinga. Sweta ziliwekwa lebo mpya, Sweta Inayojua Njia, na wazazi waliambiwa mtoto hatapotea.

Jeruto alikwenda Kitale mara ya mwisho, safari hii na Viola, ambaye alikuwa amerudi katika chumba chake cha zamani. Alimwomba Gachanja awasomee tena lile zuio, polepole.

"Kufuma, kuuza au kuingiza, ndani ya mipaka ya Kenya," Gachanja alisoma.

"Ndani ya mipaka ya Kenya," alisema Jeruto.

Wakili aliinua kichwa. "Cheti hakivuki mto wa mpakani, ni kweli. Ng'ambo ya Suam mnaweza kufuma mpaka mchoke. Lakini hamwezi kurudi na hata moja."

"Hakuna mtu amesema tutarudi nazo," alisema Viola.

Kiptum aliipeleka mashine kwa trela la trekta mpaka mpakani, akiendesha taratibu ili sindano zisitikisike. Walikodi chumba ng'ambo ya daraja, upande wa Uganda, penye wauza viazi na vitunguu. Ndani ya kola ya kila sweta walifuma herufi mbili, J na V, zikikaa sawa. Watoto wa upande ule walizivaa, na mikono ya sweta hizo ilining'inia kama mikono ya sweta yoyote, maana haikuwa na la kuonyesha.

Huku Kwanza, paredi ilibadilika. Mikono yote miwili ya kila mtoto sasa ilielekea Suam, kulia na kushoto pamoja, na Lorna aliigeuza mistari itazame upande huo ili mambo yawe nadhifu. Jioni, Kiptum alipoona watoto waliokuwa wakitoka shule wanaanza kuachanisha mikono taratibu na kuigeuza kuelekea barabara kuu, alijua wanawake wamekaribia, akateleka maji ya ugali.

Afisa wa mpakani aliitwa Kipkosgei. Kiwanda cha Bungoma kilikuwa kimepata kandarasi ya sweta za maafisa pia, nazo zilikuwa na mikunjo mitatu na uzi, ingawa maafisa hawakui. Kila asubuhi Kipkosgei aliwaona Jeruto na Viola kwa mikono kabla ya kuwaona kwa macho. Kila jioni waliporudi aliwapekua mabegi kama sheria ilivyomtaka, na kazi hiyo ilimpa taabu, kwa kuwa mikono yake ilitaka kuwanyookea wao huku yeye akiilazimisha kuingia begini. Alikuta chupa ya chai, kanga, na vipande vya uzi. Aliandika: hakuna.

Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba, baridi ikiwa imeshuka kutoka mlimani mapema, hakulifunga begi mara moja.

"Mama," alisema, "nina msichana wangu, Jerono. Anaanza shule Januari. Hizi za kiwanda zitamchosha mikono, bado ni mdogo. Nilikuwa nataka moja yenu. Ile imetulia."

"Mlete ng'ambo tumpime," alisema Jeruto.

"Nimlete. Halafu akirudi akiwa ameivaa?" Aliangalia daftari lake, kisha barabara, iliyokuwa tupu. "Mimi ndiye nitakuwa hapa zamu. Nitalazimika kuivua."

"Najua."

"Nitaivua kabisa, mama. Siwezi kukudanganya."

"Si nimesema najua," alisema Jeruto, akilichukua begi lake. "Lakini kutoka mlango wetu mpaka hapa atakuwa ameivaa."

Viola alikuwa amekwisha kutoa utepe wa kupimia mfukoni. Alimwuliza Kipkosgei mtoto anamfika wapi akisimama, na Kipkosgei, kwa mikono ambayo haikutaka kushuka, akajaribu kuonyesha.

Jumamosi alimleta.